Vitambaa Vitatu

Mavyaa hataki nianze na sahani.
"Meza huvikwa kwanza," asema,
"nguo ya ndani, ya kati, ya juu."
Basi nakitandaza kile kikubwa kinachogusa viti,
kisha cha pili, kisha kidogo cha kitani
alichokitarizi mama yake kwa uzi mweupe juu ya weupe,
hata kuyaona maua yake sharti uinamishe kichwa
kama mtu anayeomba radhi.

Kona tunazifunga mafundo.
Huku Provansi, shetani hupanda mezani kwa ncha ya kitambaa
ale makombo yasiyo yake.
Sijawahi kumwona.
Fundo nafunga.

Kisha visahani vitatu vya ngano
tuliyoiotesha juu ya pamba siku ya Mtakatifu Barbara.
Mwaka huu imelala upande mmoja, inalifuata dirisha,
kama wanafunzi kengele ikikaribia kulia.
Naifunga utepe mwekundu kiunoni isimame.

Kisahani cha tatu hakikai katikati.
Hakijakaa katikati tangu Krismasi yangu ya kwanza nyumba hii,
nilipoiacha pasi juu ya kitani
nikaenda kumsikiliza Rostan akinichekesha mlangoni.
Ikabaki alama, rangi ya chai, umbo la mtumbwi.
Mavyaa hakutamka neno.
Alikichukua kisahani cha ngano, akakiweka juu ya doa
taratibu, kama daktari anayemfunika maiti uso.
Miaka ishirini na sita
wageni wameuliza mbona ngano imekaa pembeni,
na yeye amejibu, "Inapapenda pale,"
akinitazama mimi.

Rostan sasa yuko Lyon, na mke mwingine
na mashine ya kuosha vyombo.
Hakimu alitugawia: gari lake, jokofu langu.
Mavyaa hakutajwa kwenye karatasi zile.
Desemba ilipoingia akanipigia simu,
hakuniuliza hali:
"Nani atashika upande wa pili wa kitambaa?"

Nikaja. Upepo wa kaskazini ulinisukuma mpaka kizingitini.

Vitamu lazima viwe kumi na vitatu.
Lozi, jozi, tini kavu, zabibu kavu,
hao wanne tunawaita ombaomba.
Tende. Halua nyeupe, halua nyeusi.
Machungwa, machenza, matufaha, tikiti la baridi,
na mkate wa mafuta ya zeituni, ambao haukatwi kwa kisu
bali humegwa, usije ukala ufukara mwaka mzima.
Tunahesabu: kumi na viwili.
Tunahesabu tena, yeye akianzia kwenye tikiti, mimi kwenye lozi,
tunakutana kulekule.
Honorine Arnoux, miaka themanini na mmoja,
anatia mkono mfukoni mwa aproni,
anatoa peremende moja ya mnanaa, karatasi imeganda nayo.
"Kumi na tatu," asema. Nani atambishia?

Viti vitatu. Cha tatu ni cha maskini apitaye njia.
Hajatokea hata mara moja;
barabara ya kupanda kwetu ni mbovu.

Nimekwisha kuwasha mishumaa anaponyoosha mkono
ng'ambo ya meza, anakiinua kisahani kile,
anakileta katikati, kati kabisa,
anafumba jicho moja kupima.
Na doa liko pale, wazi, chini ya taa,
dogo kuliko nilivyolibeba.
"Shingo ilikuwa inaniuma," asema,
"kila mwaka kuitazama ngano kwa upande."

Sina la kusema. Nazinyoosha uma zilizokwisha kunyooka.

"Mama yangu angekuua," anaongeza.
"Usiku huu atakuja na wenzake kula makombo.
Aone. Ajue kuna watu humu
wanaopiga pasi."

Anaiweka bilauri yake kando ya doa,
si juu yake.
Kisha ananusa hewa.
"We mwanamke," asema, "chewa anaungua."